MELI KUUKUU HAIWI HOTELI KWA RANGI TU

Ukiona vyaelea, vimeundwa. Methali hii sisi watu wa pwani tumeinyonya pamoja na maziwa ya mama, na hapana mtoto wa Mombasa, Lamu au Vanga asiyeijua. Lakini kuna nusu yake ya pili ambayo wazee hawakuitunga kwa sababu zama zile hapakuwa na haja ya kumwambia mtu: vilivyoundwa vikaelea, vina mwenyewe anayevigharimia usiku na mchana ili viendelee kuelea. Mwenye jahazi alijua kwamba chombo chake lazima kipandishwe mchangani, kikwanguliwe, kikalafatiwe kwa pamba na mafuta, kisha kipakwe chokaa na shahamu chini ili wadudu wa baharini wasizile mbao. Aliyechelewa kufanya hivyo hakuhitaji kuelezwa na mtu. Bahari yenyewe ilimweleza.

Nayasema haya kwa kuwa siku hizi yamezuka mazungumzo matamu juu ya meli kubwa za abiria zilizostaafu na kugeuzwa hoteli. Maneno hayo nimeyasikia mbali na bahari, huku bara nilikohamia kwa kazi, baina ya Kitale na Bungoma, mahali ambapo maji makubwa ni ya mto Nzoia na wimbi pekee ni la mahindi yanapopigwa na upepo wa Mlima Elgon. Pengine kukaa mbali na bahari ndiko kunakomfanya mtu aione meli kwa hesabu, wala si kwa mahaba.

MAZUNGUMZO YA BARAZANI

Jioni moja Bungoma, baada ya sala ya Alasiri, tulikuwa tumekaa barazani pamoja na vijana wawili wa Mombasa waliokuja kununua mahindi. Mmoja wao alitoa simu akatuonyesha picha za ile meli maarufu ya Kiingereza, Queen Elizabeth 2, iliyofungwa gatini Dubai na kufanywa hoteli. "Haya," akasema, "Dubai wana nini tusichokuwa nacho sisi? Bahari tunayo, watalii tunao. Kwa nini serikali isitafute meli kuukuu, ikaifunga pale Mombasa, na vijana wakapata kazi?"

Wengi tulitikisa vichwa kwa kukubali. Ndipo mzee mmoja, aliyestaafu kazi ya reli zamani, akauliza kwa upole: "Mwanangu, hiyo meli ikishafungwa pale, rangi ya chini ya maji ataipaka nani, na atapanda wapi kuipaka?"

Kijana akacheka, akasema, "Mzee, hayo ni mambo madogo."

Mimi naona hayo si madogo hata kidogo. Swali la yule mzee ndilo swali lote. Miji mikubwa yenye fedha na wataalamu imepata hasara kubwa kwa kutoliuliza mapema. Ninaiandikia pwani leo kwa sababu iko siku wazo la namna hii litaletwa kwetu likiwa na picha nzuri na muziki, na yafaa litukute tumekwisha kupiga hesabu.

BEI YA KUNUNUA NI KIINGILIO TU

Tuanze na meli iliyotangulia. Queen Mary ilianza safari zake mwaka 1936, ikawa fahari ya Uingereza katika bahari ya Atlantiki. Ndege zilipoziiba abiria meli, wenyewe wakaitoa kazini mwaka 1967, na mji wa Long Beach huko California, Marekani, ukainunua kwa dola milioni 3.45. Kwa chombo cha ukubwa ule, bei hiyo ilionekana kama ya bure. Lakini rahisi huvunja upishi. Kabla hoteli haijafunguliwa mwaka 1972, mji ule ulikuwa umezamisha makumi ya mamilioni ya dola katika kuigeuza, na sehemu kubwa ya fedha hizo ilitoka katika mapato ya mafuta yanayochimbwa katika ufuko wao.

Fedha zilikwenda wapi? Hapa ndipo penye somo. Meli ya abiria ni mji unaojitegemea. Inajifulia umeme wake, inajitengenezea maji yake, na taka zake inazimaliza yenyewe. Siku unapoifunga gatini na kung'oa matanuri na mitambo yake, umeuua mji ule, nawe wapaswa kuuzaa upya kwa mabomba na nyaya kutoka nchi kavu. Ukiutoa uzito wa mitambo, meli inapanda juu ya maji, hivyo yakulazimu kuijaza uzito mwingine ili isiyumbe. Vile vyumba vya chini vilivyowafaa wahamiaji wa zama zile havimfai mgeni wa hoteli anayetaka nafasi, bafu na dirisha. Basi unavunja viwili au vitatu upate kimoja, na kila unapovunja, idadi ya vyumba vya kukulipa inapungua.

Bado kuna sheria. Baharini meli hufuata sheria za baharini, na ikishafungwa ikawa hoteli, watu wa zimamoto wa mji huja na sheria za majumba: ngazi za kukimbilia, milango isiyopitisha moto, mabomba ya kunyunyiza maji darini. Huko Long Beach hata vyama vya wafanyakazi viligombana juu ya nani mwenye haki ya kufanya kazi ile, mabaharia au mafundi wa nchi kavu, mpaka wakuu wakaamua kwamba kile si chombo tena, ni jengo. Lakini hebu fikiri, msomaji: jengo gani hili ambalo msingi wake ni chuma kilichokaa katika maji ya chumvi?

Jibu lilikuja taratibu kwa miaka hamsini. Mwaka 2017 wakaguzi waliupa mji taarifa kwamba matengenezo yanayohitajika yangegharimu baina ya dola milioni 235 na milioni 289. Mwaka 2020, kwa sababu ya maradhi ya korona, hoteli ikafungwa. Mwaka uliofuata kampuni iliyokuwa imeikodi ikafilisika, na mzigo ukarudi kwa mji. Mashua za kuokolea watu zilizoning'inia ubavuni kwa miaka mingi zilikuwa zimeoza hata zikateremshwa. Hoteli ilifunguliwa tena mwaka 2023 baada ya mamilioni mengine kutumika. Kwa hivyo bei ile ya dola milioni 3.45 ilikuwa kiingilio cha mlangoni tu. Karamu yenyewe ilikuwa bado.

MPANGAJI MASKINI ALIPOLIPIA MELI

Mtu ataniambia: hao ni Wamarekani, na hayo ni ya zamani. Haya, twende Uholanzi. Meli ya Rotterdam, iliyoanza kazi mwaka 1959, ilirudishwa katika mji ilioitwa kwa jina lake ili ifanywe hoteli na mahali pa mikutano. Nia ilikuwa njema: kufufua mtaa wa bandarini na kuwafunza vijana kazi. Aliyebeba jukumu hilo kwa jina la Woonbron alikuwa chama cha nyumba za kupangisha, yaani taasisi iliyoundwa ili watu wa kipato kidogo wapate pa kulala.

Ndani ya meli ile mlikuwa na asbesto, ule unyuzi wa madini uliotumika sana zamani kuzuia joto na moto, ambao ukivutwa pumzini waua kwa maradhi ya mapafu. Meli nyingi za enzi ile zinao, nyuma ya kila ubao na kila bomba. Kuutoa ni kazi ya mafundi maalumu waliofunikwa mwili mzima, na mahali pa kuutupa ni pa sheria kali. Meli ikavutwa huku na huko katika bandari za Ulaya kutafuta pa kusafishwa, na kila mwezi uliopita ulikuwa na ankara yake. Ilipofunguliwa mwaka 2010, hesabu ilikuwa imefika kiasi cha Euro milioni 250. Baada ya miaka michache ikauzwa kwa kama Euro milioni 30.

Piga hesabu mwenyewe. Zaidi ya Euro milioni 200 zilikwenda na maji, na zilikuwa fedha za taasisi ya wapangaji wa kawaida. Jambo hili lilikuwa kubwa hata Bunge la Uholanzi lilipochunguza mwenendo wa vyama vya nyumba, likatoa taarifa yake mwaka 2014, meli ile ilikuwa miongoni mwa mifano iliyotajwa sana. Hoteli ile yaendelea kufanya kazi chini ya mwenyewe mpya, na wageni wanaisifu. Lakini huyo mpya anapata faida kwa kuwa aliinunua kwa sehemu ndogo tu ya gharama yake. Sehemu kubwa alikwisha kulipiwa na watu ambao hawakulala humo hata usiku mmoja.

Hili ndilo linaloniuma mimi. Gharama za mradi wa fahari hazipotei hewani. Humfikia mtu, na mara nyingi humfikia yule ambaye hakualikwa.

NA DUBAI JE?

Turudi kwenye ile picha ya simu ya kijana wetu, maana Dubai ndiko jamaa zetu wengi wa pwani wanakokwenda kutafuta riziki, na wakirudi wanatusimulia maajabu. Queen Elizabeth 2 iliteremshwa majini Scotland mwaka 1967, ikaanza safari mwaka 1969. Katika 1986 na 1987 ilitolewa mitambo ya mvuke ikatiwa ya dizeli. Mwaka 2007 kampuni ya serikali ya Dubai iliinunua kwa dola milioni 100, na mwezi wa Novemba 2008 meli ikawasili ikipokewa kwa shangwe na msafara wa vyombo.

Wakati huo huo, uchumi wa dunia ukaanguka. Mipango mikubwa ya kuifunga kwenye kile kisiwa chao cha umbo la mtende ikasimama. Meli ikakaa katika bandari ya Rashid karibu miaka kumi. Msomaji wa pwani ajua joto la bahari na unyevu wake. Chombo kilichofungwa katika joto la Ghuba hakiwezi kuachwa tu kikafungwa milango. Lazima hewa ipulizwe ndani isiote ukungu, lazima kuwe na walinzi, umeme na mafundi. Hiyo yote ni gharama ya kutofanya lolote. Hoteli ilifunguliwa hatimaye tarehe 18 Aprili 2018, ikiwa na vyumba 224, katika meli iliyokuwa ikichukua abiria zaidi ya 1,700.

Dubai imeweza, nami sikatai. Imeweza kwa sababu nyuma ya meli kulikuwa na hazina iliyoweza kungoja miaka kumi bila ya kupata senti. Je, hazina yetu yaweza kungoja miaka kumi? Wakati hospitali yangoja dawa na shule yangoja madawati? Anayetaka kuiga mtindo wa nguo za jirani na atazame kwanza mfuko wa jirani.

MELI ZETU WENYEWE

Wala tusidhani sisi hatuna historia yetu katika jambo hili. Wazee wetu wazikumbuka meli mbili ndugu za kampuni ya British India zilizokuwa zikija Kilindini kutoka London: Kenya ya mwaka 1951 na Uganda ya mwaka 1952. Huku Kitale pia zahusika. Mji huu uliwekwa na walowezi baada ya vita vikuu vya kwanza. Reli iliufikia mwaka 1926, na karibu kila kilichotoka ng'ambo, kuanzia jembe la kukokotwa hadi piano, kilishushwa kwanza Mombasa mabegani mwa makuli wetu. Kitale ina bahari yake, ila imo katika kumbukumbu.

Meli hizo mbili zilipozidiwa na ndege, wenyewe walipiga hesabu bila ya machozi. Kenya iliuzwa kuvunjwa Italia mwaka 1969. Uganda ikafanywa meli ya wanafunzi, ikawazungusha watoto wa shule baharini kwa miaka mingi. Mwaka 1982, katika vita vya Falklands, ikatumika kama hospitali, na mwaka 1986 ikapelekwa Taiwan kuvunjwa. Angalia tofauti. Uganda ilipewa maisha ya pili, lakini yalikuwa maisha ya chombo: kusafiri, kupandishwa guda, kupakwa rangi, kulipwa nauli. Kazi yake mpya iliweza kuilisha. Ilipokuwa haiwezi tena, ikazikwa kwa heshima.

Kadhalika Liemba ya Ziwa Tanganyika. Wajerumani waliijenga mwaka 1913, ikaletwa Kigoma vipande vipande kwa reli, ikazamishwa na wenyewe katika vita mwaka 1916, Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini. Imeishi miaka mingi kwa sababu watu wa mwambao wa ziwa waliihitaji kubeba dagaa, mananasi na abiria. Haikuwekwa ili itazamwe.

Hapa kwetu pwani tuna mfano mwingine, mdogo lakini wenye busara. Mwaka 2002 meli kuukuu ya mizigo iitwayo Dania ilizamishwa kwa makusudi upande wa kaskazini wa Mombasa iwe maskani ya samaki na mahali pa wapigambizi kutalii. Humo hapana umeme wa kulipia, hapana rangi wala bafu. Bahari yenyewe ndiyo iliyopewa kazi ya kuitunza. Si kila chombo kinafaa kufanyiwa hivyo, na lazima kisafishwe kwanza mafuta na sumu. Lakini aliyefikiri hivyo alijiuliza swali la yule mzee wa Bungoma na akalijibu kabla ya kutoa fedha.

SOMO LA KITALE NA LA WEBUYE

Nimesema kwamba niko mbali na bahari. Hata hivyo huku bara nimeona mifano miwili inayoeleza jambo hili kuliko meli yoyote.

Wa kwanza uko Kitale, kwenye barabara itokayo Eldoret kwenda Kapenguria. Luteni Kanali Stoneham, mlowezi aliyependa elimu ya viumbe, alikusanya wadudu, wanyama na vitabu tangu utoto wake, mwaka 1894. Alipofariki mwaka 1966 aliiachia nchi mkusanyo wake. Lau angeacha vipepeo na vitabu peke yake, pengine leo vingekuwa unga katika ghala fulani. Aliacha pia fedha za kujengea jumba jipya. Jumba hilo likafunguliwa Desemba 1974, likawa makumbusho ya kwanza ya serikali katika bara ya Kenya, na mpaka leo watoto wa shule wa Trans Nzoia na Bungoma hupelekwa kutazama. Uloweze wake ni habari nyingine, nami siutetei. Nasema tu kwamba alipotoa kitu alikitolea na mahali pake pa kukaa.

Wa pili uko Webuye, katika Bungoma. Kiwanda cha karatasi cha Pan Paper kilijengwa miaka ya 1970 kando ya mto Nzoia, na mji mzima ukala kutokana nacho. Kikaelemewa na madeni, kikafungwa mwaka 2009. Zikafuata ahadi na majaribio ya kukifufua, na kila mara watu wa Webuye wakaambiwa wakae tayari, kazi zinarudi. Mwaka 2016 kikachukuliwa na mwenyewe mpya. Wale waliokuwa na maduka na nyumba za kupangisha pale watakueleza maana ya mtambo mkubwa kukaa kimya. Chuma kisichofanya kazi hakipumziki, kinaliwa na kutu, na kila mwaka wa kungoja huongeza bei ya kukiamsha. Webuye haina bahari, lakini inaijua vizuri habari ya meli iliyofungwa gatini.

WAKFU WETU ULISHAJIBU

La ajabu ni kwamba sisi watu wa pwani tuna elimu ya jambo hili tangu zamani, wala hatuhitaji kuagiza mtaalamu kutoka ng'ambo. Wazee wetu walipojenga msikiti, hawakuishia kwenye mihrabu na kisima. Waliweka pamoja nao shamba la minazi, au duka, au nyumba ya kupangisha, ili pato lake linunue mafuta ya taa, mkeka na chokaa ya kuta. Huo ndio wakfu. Na miongoni mwa kanuni zake ni kwamba pato la mali ya wakfu hutumika kwanza kuiimarisha mali yenyewe isibomoke, ndipo wanaostahiki wagawiwe. Paa kwanza, halafu mgao.

Tena wakfu una msimamizi anayejulikana, anayeweza kuulizwa: kimeingia nini, kimetoka nini? Mali bila daftari hupotea bila habari. Pale tulipofuata kanuni hizi, misikiti ya karne nyingi imesimama na watu wanaswali ndani yake. Na pale tulipoziacha, wakfu ukawa uwanja mtupu wa kugombaniwa mahakamani. Hata huku Bungoma na Kitale, Waislamu wakiwa wachache, utaona kando ya msikiti kuna vibanda vya biashara vinavyolipa kodi. Waliovijenga hawakusoma uchumi chuoni. Walijua tu kwamba kitu kizuri kisichokuwa na pato kitakuwa deni kwa watoto.

Kwa kipimo hicho meli kubwa iliyofanywa hoteli ni msikiti mkubwa usio na shamba wala duka. Uzuri inao, historia inayo, lakini kinachoitunza hakionekani. Na wanaouza wazo hilo watasema kwamba pato la vyumba litatosha. Long Beach walisema hivyo. Rotterdam walisema hivyo.

MASWALI MATATU

Basi likija wazo hili, liwe la meli ya abiria, la stesheni kuukuu, la ngome au la jumba la kifalme, naomba tusianze kwa kuuliza litapendeza kiasi gani. Tuulize mambo matatu, na majibu yaandikwe hadharani.

Kwanza, matunzo ya kila mwaka ni kiasi gani, nayo yatatoka wapi mwaka ambao wageni hawakuja? Pwani tumeona miaka ya namna hiyo: ghasia za uchaguzi za 2007 na 2008, mashambulizi yaliyofuata baadaye, kisha korona ya 2020. Hoteli ya nchi kavu ikikosa wageni yaweza kufungwa milango, na mwenyewe akangoja. Meli haifungiki. Maji hayaendi likizo.

Pili, ni nani atakayebeba hasara? Kama ni tajiri na mali yake, na amesaini kwamba atakiondoa chombo chake akishindwa, na aweke dhamana, basi ajaribu bahati yake na sisi tutakunywa kahawa humo. Lakini kama ni fedha za umma, tujue kwamba mkulima wa Kitale anayelipa kodi kwa kila mfuko wa mbolea na kila lita ya mafuta ni mmoja wa wenye meli hiyo, ingawa pengine hataiona maishani.

Tatu, mwisho wake ni upi? Kila chombo kina siku ya kuvunjwa. Meli ya Marekani iitwayo United States ilikaa gatini Philadelphia kwa miaka mingi wapenzi wake wakichanga fedha kuiokoa, na mipango ya hoteli ikaja ikapita. Mwishowe mahakama ikaamuru iondoke, na mwaka 2024 ikauzwa kwa wilaya moja ya Florida ili izamishwe iwe maskani ya samaki. Gharama ya kuondoa chombo kikuukuu ni kubwa, na asiyeitenga tangu mwanzo humwachia mwanawe mzoga bandarini.

Msimamo wangu ni huu. Fedha za umma zisinunue meli ya kuwa hoteli katika pwani yetu. Kama tunazo za kutumia kwa ajili ya kumbukumbu ya bahari, kuna mafundi wa majahazi Lamu wanaoshindwa kupata mbao na wanafunzi. Kuna majumba ya mawe katika miji ya kale yanayodondoka dari kila masika. Hivyo ni vyetu, gharama zake twazimudu, na ujuzi wa kuvitunza bado umo mikononi mwa watu walio hai. Shilingi moja iliyowekwa huko itaonekana, na fundi mmoja akifunza wawili tutakuwa tumepata pato lisilohitaji kupakwa rangi chini ya maji.

Na anayeipenda meli kubwa, kwa kuwa kupenda si kosa, aende aitazame ilipo, alale usiku mmoja kama ana uwezo, arudi atusimulie. Siku atakapotuletea hesabu ya rangi yake kwa miaka thelathini, pamoja na jina la mlipaji, hapo tutakaa naye barazani tuzungumze.